Binti yangu mwenye trisomia 21 anaanguka kwenye miteremko: mazoezi yatamsaidia au yatamdhuru?

Swali: «Binti yangu ana miaka 7 na ana trisomia 21, hali inayoitwa pia sindromu ya Down. Alianza kutembea alipokaribia miaka 3. Tunaishi Kadutu, hapa Bukavu, juu ya mteremko, na ili kufika barabarani ni lazima tushuke ngazi za mawe na udongo. Mahali pa tambarare anatembea vizuri, lakini kwenye mteremko anaanguka mara kwa mara, na ngazi anazishuka akiwa ameketi. Kwa hiyo ninamshika mkono kila tunapotoka. Shangazi yake anasema mifupa yake ni laini, nisimchoshe. Shuleni, mwalimu anamkalisha pembeni saa ya gimnastiki kwa sababu aliambiwa watoto hawa wana moyo mbovu na shingo inayoweza kuvunjika. Mama mmoja amenishauri ninunue viatu vigumu vinavyopita kifundo cha mguu, na mwingine anataka nimpeleke kwa mtu anayekanda na kunyoosha miguu. Je, mazoezi yanaweza kumpa usawa, au nitamdhuru?»

Jibu: Mama, kama nimekuelewa vizuri, hofu yako inavutwa pande mbili: ukimwachia binti yako ashuke peke yake unaogopa ataumia, na ukiendelea kumshika mkono unaona miaka inapita bila yeye kujifunza. Jibu langu ni kwamba mazoezi yatamsaidia, na kwamba kwa mtoto wa miaka 7 ambaye tayari anatembea, kukalishwa kuna madhara makubwa kuliko kuchezeshwa. Yako mambo mawili ambayo ni lazima daktari ayahakikishe, yaani moyo na shingo, nami nitayafikia. Kabla ya hayo ningependa uelewe kwa nini anaanguka, kwa sababu ukishajua chanzo, utaweza kupambanua mwenyewe zoezi lenye faida na lile linalopoteza muda.

Shangazi yake ana nia njema, lakini mifupa siyo inayomwangusha. Trisomia 21 ni hali ya kuzaliwa na kromosomu ya 21 mara tatu badala ya mara mbili, kama ilivyoonyeshwa Ufaransa na Marthe Gautier, Jérôme Lejeune na Raymond Turpin katika kazi iliyochapishwa mwaka 1959. Hakuna chakula, kosa wala neno la mtu wakati wa mimba linaloileta, na ninalisema hili kwa sababu akina mama wengi wa Bukavu bado wanabebeshwa lawama hiyo. Kromosomu hiyo ya ziada hubadilisha ukuaji wa mwili tangu tumboni. Misuli ya mtoto ikiwa imepumzika huwa laini kuliko ya wenzake, na kano zinazofunga mfupa kwa mfupa hunyumbuka kupita kiasi, hivyo kiungo kinacheza kama mlango ambao bawaba zake zimelegea: mbao ni nzima, lakini mlango unayumba. Ndiyo maana watoto hawa hutanua miguu, hulaza nyayo na kukaza magoti kwa nyuma. Wanatafuta mahali ambapo kiungo kitajifunga chenyewe bila msuli kufanya kazi.

Hapa ipo tofauti ambayo wazazi wengi hawajaelezwa. Ulaini wa msuli uliopumzika haubadiliki sana kwa mazoezi. Nguvu ya msuli unaofanya kazi inabadilika, tena kwa watoto hawa kama kwa watoto wengine. Usiyapime mazoezi kwa kupapasa mapaja yake na kuyakuta bado laini. Yapime kwa jinsi anavyoinuka kutoka kwenye kigoda.

Hata hivyo, kulegea kwa viungo ni nusu tu ya habari, na kwa maoni yangu ni nusu iliyo ndogo. Mwaka 1985 watafiti wawili wa Marekani, Anne Shumway-Cook na Marjorie Woollacott, walichapisha kazi ambayo ndani yake waliwasimamisha watoto wadogo wenye hali hii juu ya ubao unaosogea ghafla, wakapima misuli ya miguu inavyoitikia. Waliona kwamba mwitikio wa kwanza kabisa wa msuli, ule usiohitaji kupangwa na ubongo, ulikuja kwa wakati wake. Kilichochelewa ni mwitikio wa pili, ule ambao ubongo unaupanga ili kifundo, goti na nyonga vifanye kazi pamoja na kuurudisha mwili katikati. Kwa maneno mengine, anapojikwaa, taarifa inafika, lakini mpango wa kujiokoa unachelewa, na wakati unapofika mwili umeshainama mno. Kwa kuwa mtoto anajijua hivyo, hukaza mwili mzima kabla ya hatua ngumu, na mwili uliokazwa wote hauwezi kurekebisha kosa dogo. Ubongo mdogo ulio nyuma ya kichwa, ambao ndio unaosawazisha mienendo, huwa mdogo zaidi kwa watu wenye trisomia 21, na hilo linaeleza sehemu ya uchelewaji huo.

Ongeza macho na masikio. Zaidi ya nusu ya watoto hawa wana kasoro ya kuona inayohitaji miwani au matibabu, na wengi hukusanya majimaji nyuma ya ngoma ya sikio. Mtoto asiyeona vizuri ukingo wa ngazi ya udongo, ambayo rangi yake ni ileile juu na chini, hana njia ya kujua aweke mguu wapi. Kama binti yako hajapimwa macho na masikio, anza na hilo, kwa sababu hakuna zoezi linaloweza kufidia ngazi ambayo haionekani.

Sasa tazama kinachotokea kwenye mteremko wenu. Kupanda ni kazi ya kusukuma mwili juu, na watoto wengi wenye trisomia 21 wanaimudu mapema. Kushuka ni kazi tofauti kabisa: msuli wa mbele ya paja unapaswa kuushikilia uzito huku wenyewe ukirefuka polepole, goti likikunjika bila kuachia ghafla, na katika muda huo mtoto amesimama kwa mguu mmoja tu huku mwingine ukitafuta ardhi. Watoto hawa pia wana miguu mifupi kwa kulinganisha na umri wao, kwa hiyo ngazi ambayo kwako ni ya kawaida, kwake ni ndefu. Unaposema anazishuka akiwa ameketi, mimi ninaona mtoto aliyepima uwezo wake akachagua njia salama. Usimkaripie kwa hilo. Kazi yetu ni kumpa uwezo mpya, na ataiacha njia hiyo mwenyewe.

Hilo linatuleta kwenye mkono wako, Mama, na hapa nitasema wazi. Usawa hujengwa kwa kuyumba kidogo, mara nyingi, mahali ambapo kuanguka hakuumizi. Ule mwitikio unaochelewa huwa mwepesi zaidi kwa kutumiwa, na hutumika pale tu mwili unapoanza kutoka katikati. Unapomshika mkono ulioinuliwa juu, uzito wake unapita kwenye bega lako, na marekebisho ambayo yangefanywa na kifundo na nyonga yake yanafanywa na wewe. Mtoto anafika salama, lakini safari hiyo haikumfundisha chochote. Zaidi ya hayo, kumvuta ghafla kwa mkono mmoja anapoteleza kunaweza kutegua kiwiko au bega, kwa kuwa viungo hivyo pia vimelegea.

Kwenye njia ya kila siku, jaribu hivi. Kunja kitenge kwa urefu mpaka kiwe na upana wa kiganja, kizungushe kifuani mwake chini ya makwapa, na ushike ncha zote mbili nyuma ya mgongo wake. Kiache kilegee kidogo. Akitembea vizuri, asihisi kwamba unamshika. Akianguka, kitenge kimdake. Mikono yake sasa iko huru kutanuka pembeni, na mikono ndiyo mizani ya kwanza ya mtu anayeyumba. Siku za mvua, udongo wetu unapokuwa utelezi hata kwa watu wazima, mshike au mbebe bila kujilaumu. Siku hizo si za kufundishia.

Nyumbani, anza na tofali moja lililolazwa sakafuni, karibu na ukuta ambao anaweza kuugusa kwa kiganja. Asimame juu yake, ashushe mguu mmoja mbele mpaka kisigino kiguse sakafu bila kutoa sauti, kisha aurudishe juu. Ile sauti ndiyo kipimo chako: kisigino kikigonga, maana yake paja limeachia ghafla, kikitua kimya, maana yake msuli umefanya kazi mpaka mwisho. Ligeuze zoezi hilo kuwa mchezo wa kumnyemelea mtu aliyelala, naye atarudia bila kuhesabu. Akiweza kwa miguu yote miwili bila ukuta, ongeza tofali la pili, baada ya kuhakikisha kwamba hayatikisiki. Ndipo uende kwenye ngazi 2 au 3 za chini kabisa za njia yenu, siku kavu, wewe ukisimama ngazi moja chini yake ukimtazama, mikono yako karibu na nyonga zake bila kuzibana. Badilisha jambo moja tu kwa wakati: urefu wa ngazi, au ugumu wa ardhi, au kuondoa ukuta, kamwe si yote kwa pamoja.

Mengine hayahitaji kuitwa mazoezi. Kuinuka kutoka kwenye kigoda kifupi bila kusaidiwa na mikono, kutembea bila viatu juu ya godoro, kupiga mpira kwa mguu huku mwingine ukiwa chini, kubeba chupa ya maji kwa mkono mmoja kisha kwa mwingine, hayo yote yanaufundisha mwili jambo lile lile. Nzango, mchezo wa wasichana wa kuruka, kupiga makofi na kutupa mguu mmoja mbele, ninauthamini sana kwa watoto hawa, kwa sababu unadai kuruka, kutua, kusimama kwa mguu mmoja na kumtazama mwenzako, tena kwa mdundo, na mtoto mwenye trisomia 21 kwa kawaida hujifunza haraka zaidi kwa kutazama na kuiga kuliko kwa kuelezwa. Kucheza na watoto wengine kanisani kuna faida ile ile. Dakika 15 hadi 20 za mambo haya, siku nyingi za juma, zinatosha kuanzia. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza wastani wa dakika 60 za kuchangamsha mwili kila siku kwa watoto wa miaka 5 hadi 17, na mwongozo huo unawataja waziwazi watoto wenye ulemavu. Dakika hizo zinaweza kukusanywa kidogo kidogo, pamoja na kutembea kwenda shule.

Ni haki yako kujua pia mipaka ya ninayokuahidi. Tafiti za mazoezi ya nguvu na usawa kwa watoto hawa, kama ile iliyofanyika India na kuchapishwa mwaka 2011 ambayo ilidumu wiki 6, zinaonyesha maendeleo, lakini nyingi zimefanywa kwa watoto wachache. Mtoto huendelea hasa katika kile anachokifanya: akizoezwa tambarare tu, atakuwa hodari tambarare. Na akiacha kwa muda mrefu, sehemu ya faida hupotea. Pengine atabaki mwangalifu kuliko wenzake kwenye mteremko wenye mawe yanayobingirika, na hilo si kushindwa.

Sasa moyo. Ni kweli kwamba karibu nusu ya watoto wenye trisomia 21 huzaliwa na kasoro ya moyo, na kwamba nyingine hazisikiki kwa kifaa cha daktari. Kwa sababu hiyo kila mmoja wao anapaswa kufanyiwa ekografia ya moyo, yaani kipimo cha kuuona moyo kwa mawimbi ya sauti, angalau mara moja, mapema iwezekanavyo. Kama ya binti yako ilifanyika na moyo ni mzima, mwalimu hana sababu ya kumkalisha. Kama haikufanyika, ifanyike, na katika kusubiri aendelee na maisha yake ya kawaida na mazoezi mepesi niliyoyataja, mradi tu midomo haigeuki rangi ya bluu, hazimii, na hahemi kwa shida akiwa amepumzika. Kama ana kasoro, daktari ataeleza mipaka. Mara nyingi mipaka hiyo haifiki kwenye kukatazwa kila kitu. Jambo jingine ambalo walimu hawaambiwi: hata moyo usio na kasoro, kwa watoto hawa, hauwezi kwenda mbio kufikia kiwango cha juu kama cha wenzao. Anapoketi baada ya mzunguko mmoja wa uwanja, amechoka kweli, si uvivu. Apumzike dakika chache, arudi mchezoni.

Shingo inahitaji maelezo ya uangalifu zaidi. Kati ya mifupa miwili ya kwanza ya shingo zipo kano, na kwa baadhi ya watoto hawa kano hizo zimelegea kiasi kwamba mifupa inaweza kusogea na kubana uti wa mgongo. Wanaofikia kupata dalili ni wachache, takriban 1 hadi 2 katika kila 100. Wazazi wengi huomba picha ya radio (eksirei) ya shingo ili watulie, lakini picha hiyo haitabiri vizuri nani atapata shida baadaye, na ndiyo sababu chama cha madaktari wa watoto cha Marekani hakipendekezi ipigwe kwa mtoto asiye na dalili. Kinacholinda ni kuzijua dalili na kuepuka mambo machache: kupinduka kichwa chini miguu juu, kusimama kwa kichwa, kupiga mpira kwa kichwa, na kuruka kwenye trampolini bila msimamizi mwenye ujuzi. Kwa hapa kwetu ninaongeza, kwa maoni yangu mwenyewe, kubeba bidoni (dumu) la maji kichwani, au mzigo wa mgongoni unaoshikiliwa na kamba kwenye paji la uso. Mzigo mdogo abebe kwa mikono. Na siku akihitaji upasuaji wowote, hata wa meno, mkumbushe mtaalamu anayetia dawa ya usingizi kuhusu shingo, kwa sababu wakati huo kichwa hugeuzwa misuli ikiwa imelala.

Viatu vigumu vinavyopita kifundo sivipendekezi vinunuliwe kwa kubahatisha. Ni vizito, na vinakizuia kifundo kufanya kazi ile ile tunayotaka ajifunze. Kiatu chepesi kinachofungwa vizuri, chenye soli inayojikunja mbele na kisigino kilicho imara, kinatosha. Kandambili hazifai kwenye ngazi. Kama nyayo zimelala sana na kifundo kinaangukia ndani, mtaalamu anaweza kupima kama kifaa kidogo cha kuwekwa ndani ya kiatu kingemsaidia.

Kukanda kwa mafuta, kwa upole, kunampendeza mtoto na hakumdhuru, ingawa hakumwongezei nguvu. Kunyoosha ni jambo jingine. Viungo vyake vimenyooka kupita kiasi tangu kuzaliwa. Mtu anayevuta nyonga, magoti au shingo ili «kuviweka sawa» anaongeza ule ulegevu tunaopambana nao, na kwenye shingo anaweza kusababisha balaa. Ninakuomba usimpeleke huko.

Kwa mwalimu, zungumza naye kwa heshima, maana hofu yake ni ya mtu anayejali. Mwambie aliyokatazwa binti yako, ambayo ni machache, na umwombe ampe mengine yote, akimwonyesha kwa vitendo na kumpa muda wa kuitikia kabla ya kurudia amri. Karatasi fupi iliyoandikwa na daktari baada ya kumpima itampa mwalimu ujasiri ambao maneno yako peke yako huenda yasimpe.

Yapo mambo ambayo hayangoji, na kwa hayo uende hospitali siku hiyo hiyo: akianza kutembea vibaya kuliko mwezi uliopita, akilalamika shingo au kuinamisha kichwa upande mmoja, mikono ikidhoofika na kuangusha vitu, au akianza kujikojolea wakati alikuwa ameshaacha. Hizo ni dalili za uti wa mgongo, na hapo mazoezi yote yasimame na shingo isiguswe. Kuchechemea ghafla au kukataa kusimama kunaweza kutoka kwenye nyonga, ambayo kwa watoto hawa huweza kuteguka bila ajali kubwa. Maumivu ya miguu yanayokuja pamoja na kupauka, homa au madoa ya damu chini ya ngozi yanahitaji kipimo cha damu bila kukawia, kwa kuwa saratani ya damu ni ya kawaida zaidi kwao kuliko kwa watoto wengine. Bila haraka kama hiyo, lakini kila mwaka, apimwe tezi ya shingo (thairoidi) kwa kipimo cha damu: ikifanya kazi pole pole, mtoto huchoka, hunenepa na kuwa mzito wa mwendo, na watu hudhani ni trisomia yenyewe. Akikoroma sana usiku, litaje hilo pia.

Hata bila dalili yoyote, ningependa mtaalamu wa kinesiterapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, amwone ana kwa ana, kwa sababu mimi sijaona magoti wala nyayo zake. Ulizia kwenye kituo cha Heri Kwetu au kwenye Hospitali Kuu ya Rufaa ya Mkoa hapa Bukavu. Beba kitabu chake cha kliniki, viatu anavyovaa kila siku, na video fupi ya simu inayomwonyesha akishuka ngazi za kwenu, kwa kuwa sakafu ya chumba cha kliniki ni tambarare na haitaonyesha shida yake. Kama fedha haziruhusu vipindi vya kila juma, sema hivyo mwanzoni, na uombe kipindi kimoja kwa mwezi ambacho mtaalamu atakutazama wewe ukifanya mazoezi na mtoto, akusahihishe mikono, na akupe hatua inayofuata.